Kadi iliyoingia sawasawa

Najua nimepotea, karibu mwezi mzima sasa. Kuna mteja ambaye kila nikimaliza ripoti moja anakumbuka nyingine, basi uandishi ukabaki ukisubiri. Lakini wiki chache zilizopita nilipigiwa simu na binamu yangu wa Voi, na leo tuache mambo ya programu tuongee kuhusu maunzi, yaani vyuma vyenyewe.

Binamu yangu hupiga video za harusi. Alikuwa amenunua tarakilishi ya mezani iliyotumika, zile nyembamba za ofisini zinazoletwa na makontena kutoka Ulaya, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 4, yaani ya mwaka wa 2013 hivi. Kwa kuandika barua ni mashine safi. Kwa kuhariri video inakwama, picha zinarukaruka, na kutoa video ya dakika 40 kunakula usiku mzima. Sasa alikuwa amepata mtu wa kumuuzia kadi ya picha. Akaniambia, "Kaka, ni kubwa, ina feni mbili. Huyu mtu amesema itaingia."

Itaingia! Nilimwambia asilipe hata shilingi moja mpaka nimpigie tena. Huyo muuzaji simjui na sina ubaya naye. Ni kwamba mwaka wa 2005 mimi pia niliambiwa itaingia, na kadi ikaingia sawasawa, bila kulazimishwa, nami nikaichoma tarakilishi ya babake huyu binamu. Babake ndiye mjomba wangu, na tarakilishi hiyo ndiyo iliyokuwa duka lake.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi kwa vicheko. Leo nataka nikieleze vizuri, na nikitaka kukieleza vizuri inabidi nianzie mwaka wa 1981. Vumilia kidogo.

(Kabla hujaniandikia: ndiyo, mimi husema tarakilishi, kama tulivyofundishwa shuleni hapa Kenya. Ndugu zetu wa Tanzania watasema kompyuta, na najua kuna mmoja atanikumbusha ngamizi. Mashine ni ile ile. Na kadi ya picha ni ile ambayo mafundi wa Luthuli huiita grafiki kadi, kile kibao kinachochomekwa ndani kwenye ubao mama ili skrini ipate cha kuonyesha.)

IBM ilipotangaza tarakilishi yake ya kibinafsi, ile 5150, tarehe 12 Agosti 1981, ubao mama wake haukuwa na uwezo wowote wa kutoa picha. Ulikuwa na sloti 5 tu, na mnunuzi alichagua mwenyewe achomeke nini. Kadi zilikuwa mbili. MDA ilikuwa ya maandishi peke yake, herufi 80 kwa mistari 25, maandishi yanayosomeka vizuri sana, lakini haikuweza kuchora hata duara. CGA iliweza kuchora, ila ukitaka rangi ulipewa nukta 320 kwa 200 na rangi 4 kwa wakati mmoja, na herufi zake zilichosha macho. Basi mhasibu alinunua moja, mwenye kutaka michoro akanunua nyingine, na waliokuwa na pesa walichomeka zote mbili na kuweka skrini mbili mezani.

Zile rangi 4 si hoja. Hoja ni kwamba tangu siku ya kwanza picha ilikuwa kitu cha kuchomeka na kuchomoa. Tena IBM ilichapisha michoro ya sloti hizo katika kitabu chake cha kiufundi, kwa hivyo kampuni yoyote iliweza kutengeneza kadi yake na kuiuza. Biashara yote ya kuongezea tarakilishi ya zamani kadi mpya imezaliwa hapo.

Mfano ninaoupenda ni wa Van Suwannukul. Huyu bwana alitaka kuandika tasnifu yake ya uzamifu kwa herufi za Kithai kwenye mashine ya IBM. MDA ilikuwa na herufi zake maalumu na Kithai hakikuwamo. CGA ingeweza kuzichora, lakini kwa nukta chache kiasi hicho zisingesomeka. Akatengeneza kadi yake mwenyewe, nukta 720 kwa 348, rangi moja, inayoandika kwa usafi wa MDA na pia kuchora. Ilitoka mwaka wa 1982 kwa jina la Hercules, na programu ya mahesabu ya Lotus 1-2-3 ilipoanza kuchora grafu juu yake, wahasibu waliinunua kwa wingi bila kujua kwamba kilichoizaa ni tasnifu ya Kithai. Sisi Waswahili tulikuwa na bahati, kwa sababu herufi tunazotumia sasa zilikuwa ndani ya MDA tayari. Lakini mtu ambaye angetaka kuingiza utenzi kwa herufi za Kiarabu, kama washairi wa Lamu walivyoandika, angekwama pale pale alipokwama Suwannukul.

Mwaka wa 1987 nitaupita mbio. IBM ilileta mashine za PS/2, na ndani yake mambo mawili mapya. La kwanza ni VGA, nukta 640 kwa 480, na ile plagi ya pini 15 ambayo bado utaiona nyuma ya projekta nyingi za shule. La pili ni sloti mpya iliyoitwa Micro Channel, na hii haikuwa ya kila mtu, kampuni nyingine ikiitaka ilipe leseni. Compaq na wenzake wanane wakakataa, na mwaka wa 1988 wakatangaza sloti yao, EISA. VGA ikaigwa na dunia nzima. Micro Channel leo utaisikia kwa wazee wa kazi tu.

Baadaye Windows 3.0 ya mwaka wa 1990 ikaleta shida ya aina nyingine. Madirisha, picha na vitufe ni nukta nyingi za kusogeza, na sloti ya zamani ilikuwa bado inakwenda kwa mwendo wa megahazi 8. Prosesa iko tayari, kadi iko tayari, barabara katikati ni ya vumbi. Mwaka wa 1992 zikaja njia mbili za kuirekebisha. VESA Local Bus ilikuwa sloti ndefu ajabu, imeungwa moja kwa moja na nyaya za prosesa ya 486, na prosesa ya Pentium ilipofika mwaka uliofuata sloti hiyo ikaanza kuzeeka pamoja na 486 yake. PCI ya Intel ilikuwa na subira zaidi. Haikujifunga kwa prosesa moja, ikapitisha megabaiti 133 kwa sekunde, na ikadumu miaka mingi.

Ni kwenye PCI ndipo ilipokuja kadi ambayo wachezaji wa rika fulani bado huitaja kwa sauti ya chini. Mwaka wa 1994 watu watatu waliowahi kufanya kazi Silicon Graphics, yaani Ross Smith, Scott Sellers na Gary Tarolli, walianzisha kampuni ya 3dfx. Mwaka wa 1996 wakatoa Voodoo Graphics. Kadi hii haikuondoa ile uliyokuwa nayo. Uliiacha kadi yako ya zamani ndani, ukachomeka Voodoo kando yake, halafu waya mfupi nje ukatoa picha kwenye kadi ya zamani na kuipitisha kwenye Voodoo kabla ya kufika skrini. Ukiandika barua, Voodoo imelala. Ukifungua mchezo wa 3D, inaamka na kushika kazi. Ni kama kumfunga ng'ombe wa pili kwenye plau bila kumfukuza wa kwanza. Mwezi wa Januari 1997 lilipotoka toleo la mchezo wa Quake linalotumia kadi za aina hiyo, watu waliona tarakilishi ile ile, prosesa ile ile, ikifanya mambo ambayo jana yake haikuyaweza. Mimi wakati huo nilikuwa darasa la 7 na sikuwa nimegusa tarakilishi yoyote, haya nimeyajua ukubwani.

3dfx yenyewe haikufika mbali. Mwaka wa 1998 ilitangaza kuinunua kampuni ya kutengeneza kadi, STB, ikaanza kushindana na wateja wake wenyewe, na Desemba 2000 ikakubali kuiuzia Nvidia mali yake. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Sasa tunafika penye moto.

PCI ilikuwa barabara ya wote: kadi ya sauti, ya mtandao, diski, zote zinagawana zile megabaiti 133. Intel ikaamua kadi ya picha ipewe njia yake peke yake. Kanuni za kwanza za AGP zilitoka mwaka wa 1996 na mbao mama zake zikaanza kuuzwa mwaka wa 1997. Sloti moja tu, ya rangi ya kahawia mara nyingi, imesogezwa mbele kidogo kuliko zile nyeupe za PCI. Kwa kasi ya kwanza ilipitisha megabaiti 266 kwa sekunde, mara mbili ya PCI, bila kugawana na mtu.

AGP hiyo ya kwanza ilizungumza na ubao mama kwa volti 3.3. Mwaka wa 1998 ikaja AGP 2.0 yenye kasi mara 4, na ili mawimbi ya umeme yapande na kushuka haraka namna hiyo ilibidi yashushwe hadi volti 1.5. Mwaka wa 2002 ikaja AGP 3.0, kasi mara 8, volti 0.8. Zote zinaitwa AGP. Zote zinafanana kwa mtu anayetazama kwa macho tu.

Waliotunga kanuni hizi hawakuwa wajinga. Ndani ya sloti ya volti 3.3 waliweka kijino karibu na upande wa nyuma wa boksi, pale unapochomeka waya wa skrini. Sloti ya volti 1.5 ina kijino upande wa mbali. Kadi nayo imekatwa pengo mahali panapolingana na kijino chake, kwa hivyo kadi ya volti 3.3 pekee ikigusa sloti ya volti 1.5 inagonga kijino na kukataa kushuka. Kadi yenye mapengo mawili inatangaza kwamba inaelewa volti zote mbili. Mtoto wa miaka 10 angeweza kuunganisha bila kosa.

Kwa nadharia. Mambo yalivyokwenda, baadhi ya watengenezaji walikata mapengo mawili kwenye kadi ambazo vifaa vyake viliijua volti 3.3 peke yake. Kwa muda hakuna aliyeona tatizo, kwa sababu mbao mama nyingi za wakati huo zilikubali volti zote. Kisha Intel ikatoa mbao za Pentium 4, zile zenye chipu ya 850 mwishoni mwa mwaka wa 2000 na ya 845 mwaka wa 2001, na hizi zilikubali volti 1.5 tu. Kadi iliyosema uongo ikachomekwa hapo, inaingia vizuri kabisa, unawasha, na volti 3.3 inarudi kwenye chipu ambayo imejengwa kwa chini ya nusu yake. Watengenezaji wengine wa mbao mama waliongeza taa ndogo ya kuonya ukikosea kadi. Wengine waliandika onyo kwenye kitabu. Na kitabu, kama mnavyojua, hakisafiri na mashine iliyotumika.

Mjomba alinunua tarakilishi yake ya Pentium 4 mwaka wa 2003, ikiwa imeshatumika kwingine. Duka lilikuwa dogo, karibu na stendi ya mabasi pale Voi. Alipiga chapa barua, ratiba za mazishi, kumbukumbu za mikutano ya vyama vya akina mama, na zaidi ya yote mitihani ya shule. Mwisho wa kila muhula walimu wa shule mbili walimletea mitihani iliyoandikwa kwa mkono, naye alikesha. Pesa hizo ndizo zilizolipa karo ya watoto wake, huyu binamu akiwa mmoja wao.

Mwaka wa 2005 skrini ikaanza kuonyesha mistari ya kijani, halafu ikawa mistari mitupu. Feni ya kadi ya picha ilikuwa imekwama kwa vumbi jekundu la Voi, lile linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo, na kadi ikaiva. Ubao mama haukuwa na picha yake wenyewe, kwa hivyo bila kadi hakuna duka. Mjomba akanipigia. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Nairobi. "Si wewe ndiye unayesomea mambo haya?" akaniuliza. Akampa kondakta wa basi shilingi 2,500 na ile kadi iliyokufa ndani ya bahasha (M-Pesa ilikuwa bado miaka miwili mbele), nami nikaenda kuipokea usiku.

Barabara ya Luthuli ilikuwa vile vile tu ilivyo, redio zinashindana kila mlango. Kwenye kibanda kimoja kulikuwa na katoni imejaa kadi zilizotumika, zimelaliana kama omena. Nikatoa kadi ya mjomba, nikailinganisha. Yake ilikuwa na pengo moja. Ile aliyonionyesha muuzaji ilikuwa na pengo lile lile, pahali pale pale, na jingine la ziada. "Hii ni ya kila kitu, itaingia," akasema. Nilifikiri kama mwanasayansi! Kama ina pengo la ile ya zamani na la ziada juu yake, basi haiwezi kuwa mbaya kuliko ile ya zamani. Shilingi 1,500. Nilijiona mjanja kwa kubakiza chenji.

Nilifika Voi alfajiri. Mjomba alikuwa ameshafungua duka, amefagia, na mwalimu mmoja alikuwa ameketi kwenye benchi na mitihani yake mapajani. Nikafungua boksi, nikapuliza vumbi, nikasukuma kadi. Ikashuka yote kwa mara moja, hata sauti yake ilikuwa nzuri. Nikafunga skrubu na kubonyeza kitufe.

Feni zilizunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Kisha ikatoka harufu, kwanza kidogo kama ya nywele zilizokaribia jiko, halafu ya plastiki kabisa. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniuliza kwa upole, "Hiyo ni kawaida?"

Nilichomoa waya ukutani lakini kazi ilikuwa imekwisha. Chipu iliyo kati ya prosesa na sloti ilikuwa na doa. Diski ilipona, na mchana huo tuliibeba hadi duka jingine mjini, wakatusaidia kutoa mitihani na kuichapisha. Walimu wakaona kwamba duka hilo lina mashine tatu na printa ya kasi. Muhula uliofuata walikwenda huko moja kwa moja. Mjomba alikaa miezi saba bila tarakilishi, na aliponunua nyingine kazi ya mitihani haikurudi.

Hakunilaumu hata siku moja. Watu wakimuuliza alisema kijana alijaribu. Nafikiri ningependelea anilaumu.

Kwa miaka miwili niliamini kwamba ni umeme tuli wa vidole vyangu, au sikuikaza vizuri. Ni mwaka wa 2007, katika kazi yangu ya kwanza, ndipo niliposoma kuhusu 845 na mapengo ya uongo. Nikajua kilichotokea kwa undani kabisa, na sikuwa na mtu wa kumweleza. Ningemwambia nini mjomba? Kwamba kiwanda kilikata pengo mahali pasipostahili, na kwamba mnunuzi wa kwanza hakuumia, wa pili hakuumia, ikamngoja yeye?

Kufikia wakati huo AGP yenyewe ilikuwa inaondoka. Mbao mama za kwanza za Intel zenye PCI Express zilitoka Juni 2004, na kwa kuwa kadi za AGP na za PCI Express haziingiliani, kila mtu aliyekuwa na mashine ya zamani alijikuta upande wa pili wa mto. Viwanda viliweka chipu ya kutafsiri katikati ili kadi mpya ziendelee kuzungumza na sloti ya zamani, na hata mwaka wa 2008 ungeweza kununua Radeon HD 3850 ya AGP. Kwa wengi haikuwa na maana, bei ya kadi ilizidi bei ya mashine yenyewe.

Wakati huo huo Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, ilitaka kadi ya picha hata kwa kuonyesha madirisha yake ya kioo. Mashine nyingi zilizobandikwa alama ya kwamba zinaiweza Vista hazikuweza kuonyesha sura hiyo, zikiwemo zile za chipu ya Intel 915 ambayo picha yake imejengwa ndani. Wanunuzi Marekani walishtaki mwaka huo, na barua pepe za Microsoft zilizotolewa na mahakama mwaka wa 2008 zilionyesha kwamba masharti ya alama hiyo yalilegezwa ili 915 iingie. Tunaonunua mashine baada ya ofisi za ng'ambo kuzichoka huwa tunaipata alama bado imebandikwa.

PCI Express naisifu kwa jambo moja kubwa. Sloti yake ndefu haijabadilika umbo tangu mwaka wa 2004. Matoleo yameongezeka, kasi imepanda mara nyingi, lakini kadi na sloti zikikutana huulizana kwanza zinaweza nini, na hukubaliana kwa mwendo wa aliye mnyonge. Kadi haitaiunguza sloti kwa sababu ya tofauti ya umri. Kwa hivyo siku hizi mtu akikuambia itaingia, swali limehamia kwingine.

Kwa binamu lilihamia kwanza kwenye urefu. Nilimwomba anipigie picha ya mashine upande wa nyuma. Boksi lake ni jembamba, nafasi za kadi ni nusu urefu. Ile kadi ya feni mbili isingeingia hata kifuniko kikiachwa wazi. Pili, pawa saplai yake ni ya wati 240 na haina hata waya mmoja wa ziada wa kulisha kadi, na kadi kubwa haziridhiki na wati 75 ambazo sloti inaruhusiwa kutoa. Tena mashine nyingine za ofisini hutoa chini ya hizo 75, kwa hivyo nilitafuta mwongozo wa modeli yake na kuusoma mpaka mwisho. (Mwongozo sasa unasafiri, uko mtandaoni. Hilo ni jambo ambalo mwaka wa 2005 sikuwa nalo.)

Zikabaki kadi fupi zisizohitaji waya. Nvidia GT 1030 ya mwaka wa 2017 ni ya bei nafuu na inakula wati 30, lakini haina sehemu ya kubana video, na video ndiyo kazi yake binamu. Isitoshe, mwaka wa 2025 Nvidia ilitangaza kwamba kadi za kizazi hicho zitapewa marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Radeon RX 6400 ya mwaka wa 2022 ina nguvu zaidi, ila nayo haibani video, tena imeungwa kwa njia 4 peke yake kati ya 16, kwa hesabu kwamba ubao mama ni mpya. Ukiiweka kwenye mashine ya 2013 unapoteza sehemu ya ulicholipia. GTX 1650 ya mwaka wa 2019 inapatikana kwa umbo fupi, inatosheka na wati 75 za sloti, na ina sehemu ya kubana video. Nikamwambia tutafute hiyo. Ilituchukua wiki mbili kuipata, na niliijaribu kwenye mashine yangu saa nzima kabla ya kulipa.

Jumamosi nilipanda treni hadi Voi. Mjomba sasa ni mzee, duka alilifunga miaka mingi iliyopita. Alipoona nimeshika bisibisi alivuta kiti chake akakaa mlangoni, si ndani, mlangoni. "Zima kwenye soketi kwanza," akasema. Nilikuwa nimeshazima, lakini nilienda nikaangalia tena.

Kadi ilishuka kwa mara moja. Nikabonyeza. Skrini ilikaa nyeusi kwa sekunde kadhaa, mashine ikijipanga na kadi ngeni kama zinavyofanya, na nilimwona mjomba ananusa hewa. Mimi pia nilikuwa nanusa. Kisha nembo ikatokea.

Ile video ya dakika 40 ilimaliza kabla chai haijapoa sana. Binamu aliitoa mara ya pili ili ahakikishe. Mjomba akainuka, akaingia chumbani, akarudi na mfuko wa nailoni wenye kadi ya 2005. Alikuwa ameiweka miaka yote hiyo. Nikaigeuza na kuiangalia pale chini. Mapengo mawili, yamekatwa na mashine, safi.

"Hii kadi haikuharibika," akaniambia. "Ni ubao ndio uliungua. Kuna fundi alitaka kuninunulia, nikamwambia haiuzwi."

Nilimwomba koleo, tukaikata pamoja.

Haya, tuonane tena mteja wangu akinipa nafasi.